Kipindupindu: Tumpe Mgonjwa Pakiti Pamoja na Sababu Yake

Kitai ni njia panda. Atokaye Songea kwenda Mbinga hupita hapo, na hapo ndipo barabara iendayo Lituhi huchepuka na kuteremka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupita na vumbi lake, na abiria watokao ziwani hushuka kungoja gari la kuwapandisha Mbinga au Songea. Masika fulani, miaka kadhaa iliyopita, nami nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja. Kando yangu, kwenye benchi la duka, aliketi mama aliyempakata mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na nilipoifinya ngozi ya tumbo lake ilirudi polepole. Alikuwa akihara tangu jana yake, choo cha maji matupu.

"Mama, hukupewa dawa huko mlikotoka?" nilimwuliza.

Alifungua pindo la kanga akanionyesha pakiti tatu za ORS. Mbili zilikuwa hazijafunguliwa.

"Nilimpa moja, daktari. Akaendelea kuhara vilevile. Nikaona hii si dawa. Nikasema heri nimpeleke hospitali kubwa akatundikiwe dripu."

Mhudumu aliyempa mama yule pakiti zile alifuata mwongozo. Alitoa dawa sahihi kwa mgonjwa sahihi. Alichokosa kumpa ni sentensi moja tu: kwamba ORS haikuundwa ili kuzuia kuhara. Kwa kuikosa sentensi hiyo, mama alipima dawa kwa kipimo kisicho chake, akaiona imeshindwa, akaiacha pindoni huku mwanawe akizidi kukauka njiani.

Maoni yangu, ambayo nimeyashikilia kwa muda na ambayo baadhi ya wenzangu huyacheka, ni kwamba tunawanyima wagonjwa sababu kwa kudhani kuwa sababu ni mali ya maabara na amri ndiyo haki ya mgonjwa. Katika kipindupindu sababu hiyo imo ndani ya jambo ambalo wengi wetu tulilisoma ili kufaulu mtihani kisha tukaliacha darasani, yaani namna bakteria anavyokunja protini zake na kuzipitisha katika tando zinazomzunguka. Nitalieleza hapa kwa kadiri niwezavyo, kisha msomaji aamue kama kweli ni gumu kupita uwezo wa mama wa Lituhi.

Kipindupindu huletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Bakteria huyu hautoboi utumbo wala hauchimbi. Utumbo wa mgonjwa ukitazamwa kwa hadubini, ukuta wake huonekana karibu mzima. Kinachoua ni protini moja aitengenezayo, ambayo ndiyo sumu yake. Robert Koch, aliyemchunguza bakteria huyu Misri na India mnamo 1883 na 1884, alihisi kwamba lazima iwepo sumu, lakini ilibidi kungoja hadi mwaka 1959 ndipo Sambhu Nath De, daktari wa Kolkata, alipoithibitisha. De aliotesha bakteria katika mchuzi wa maabara, akauchuja hadi pasibaki bakteria hata mmoja, kisha akautia mchuzi ule katika utumbo wa sungura. Utumbo ulijaa maji. Bakteria hawakuwepo, ila ugonjwa ulikuwepo. Naomba msomaji aishike hoja hiyo, maana tutairudia.

Kila protini huanza kama uzi, yaani mnyororo wa asidi amino zilizounganishwa moja baada ya nyingine. Uzi huo haufanyi kazi hadi ujikunje kuwa umbo maalumu, kama vile ukindu usivyobeba kitu hadi usukwe kuwa kikapu. Christian Anfinsen, mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972, alionyesha kwamba maelekezo ya mkunjo yamo ndani ya mpangilio wa mnyororo wenyewe. Hata hivyo, ndani ya seli mna msongamano mkubwa, na uzi ulioachwa peke yake unaweza kukunjika vibaya au kunasana na nyuzi nyingine. Kwa hiyo seli ina protini wasaidizi ambazo hushika nyuzi changa na kuzilinda.

Sasa fikiria shida ya bakteria wa kipindupindu. Sumu yake husukwa ndani, na mahali inapohitajika ni nje. Katikati pana tando mbili, na baina ya tando hizo pana uwazi mwembamba. Mlango wa utando wa kwanza ni mfinyu kama tundu la sindano: uzi hupita, fundo halipiti. Kwa sababu hiyo sumu haiwezi kukunjwa kabla ya kutoka. Sharti ipite ikiwa bado uzi. Kichwani mwa kila uzi unaotakiwa kutoka pana kipande kifupi cha utambulisho, mfano wa anwani juu ya bahasha. Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1999 kwa kugundua kwamba protini hubeba anwani zake ndani yake zenyewe. Uzi ukishapita, anwani hukatwa na kutupwa.

Ni katika ule uwazi wa baina ya tando mbili ndipo kikapu husukwa. Kimeng'enya kiitwacho DsbA hufunga vifungo vya salfa vinavyoimarisha umbo. Nyuzi tano zinazofanana, kila moja yenye asidi amino 103, hukunjika na kujipanga kuwa pete. Uzi wa sita, ambao ndio wenye madhara, hukaa juu ya pete hiyo. Bakteria walionyimwa DsbA kwa ufundi wa maabara hushindwa kuikamilisha sumu. Kisha utando wa pili unao mtambo wa namna nyingine kabisa, mpana, unaopitisha kikapu kilichokwisha kusukwa kikiwa kizima. Mlango wa kwanza hukataa kilichokunjwa. Wa pili huchukua kilichokunjwa. Nimefundisha somo hili mara nyingi na bado hunistaajabisha. Tena jeni za sumu hii bakteria hakuwa nazo asilia: aliletewa na kirusi kinachoshambulia bakteria, kama Waldor na Mekalanos walivyoonyesha mwaka 1996. Hata bakteria ana wa kumlaumu.

Sumu ikifika utumboni, ile pete ya nyuzi tano hushika sehemu maalumu juu ya seli za ukuta wa utumbo, na seli huimeza bila kujua imeza nini. Humo ndani husafirishwa kurudi nyuma hadi katika vyumba vile vile ambamo seli hukunjia protini zake. Hapo kipande cha sita hufumuliwa, hupita mlango mfinyu kama uzi, na upande wa pili hujikunja upya. Kikishajikunja hukwamisha swichi moja ya seli katika hali ya kuwaka. Mlango wa kutolea chumvi hubaki wazi, chumvi humwagika ndani ya utumbo, na maji huifuata chumvi. Mtu mzima aliyepatwa vikali anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Turudi kwa De na mchuzi wake uliochujwa. Ikiwa sumu yatosha kuleta ugonjwa bila bakteria, basi kumwua bakteria hakutoshi kuuondoa ugonjwa papo hapo. Doksisaiklini huzuia mtambo unaotengeneza nyuzi mpya. Vikapu vilivyokwisha kutoka viko nje ya uwezo wake, na seli ambazo swichi yake imekwama zitaendelea kumwaga maji hadi zipone au zibadilishwe na seli changa, jambo linalochukua siku. Ndiyo maana tafiti zilizokusanywa zinaonyesha kwamba antibiotiki hufupisha kuhara kwa takriban siku moja na nusu na kupunguza wingi wa choo kwa karibu nusu. Ni faida kubwa kwa mgonjwa mahututi, wala sisemi ziachwe. Lakini siku moja na nusu si kitu kwa mtu anayeweza kufa katika saa sita.

Hili nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa daktari kijana, katika hospitali nisiyoitaja, tulimpokea fundi mwashi aliyeletwa kwa baiskeli asubuhi. Mapigo yake ya mkononi hayakushikika. Tulimpa kidonge mara moja, kisha tukaanza kutafuta dripu: stoo imefungwa, mwenye ufunguo hajafika, mmoja anashauri tumngoje, mwingine anashauri kufuli livunjwe. Alikufa kabla ya saa sita mchana. Katika jalada lake tuliandika, kwa mwandiko mzuri, dakika aliyopewa antibiotiki.

Wahudumu wenzangu mnajua kipimo: mgonjwa aliyeishiwa maji vikali hupewa maji ya mshipani ya Ringer, mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa aliyezidi mwaka mmoja, 30 za kwanza ndani ya nusu saa na 70 zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu, kwa mtoto mchanga, 30 kwa saa moja na 70 kwa saa tano. Anayeweza kunywa huanzishwa ORS bila kungoja dripu iishe. Kidonge kifuate nyuma. Kipindupindu kisichotibiwa kinaweza kuua nusu ya waliopatwa vikali. Kikitibiwa kwa maji ipasavyo, huua chini ya mmoja kati ya 100.

Na ORS je? Hapa ndipo penye sehemu niipendayo kuliko zote. Seli ya utumbo ina milango mingi, na sumu hukwamisha ule wa kutolea chumvi tu. Upo mlango mwingine, wa kuingizia, ambao hupokea chumvi pale tu inapofika pamoja na sukari, kama mlinzi asiyemruhusu mgeni kuingia bila mwenyeji wake. Robert Crane alieleza jambo hilo huko Prague mwaka 1960. Mlango huu sumu haiugusi. Chumvi na sukari zikifika pamoja kwa kipimo, huingia, na maji huingia nyuma yake, hata kama mlango wa pili unaendelea kumwaga. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka, miongoni mwao David Nalin na Richard Cash, walithibitisha kwa wagonjwa wa kipindupindu kwamba maji hayo ya kunywa yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya dripu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon. Akachanganya chumvi na sukari katika mapipa, akawafundisha ndugu wa wagonjwa kuwanywesha. Vifo vikashuka hadi chini ya wanne kwa kila wagonjwa 100. Wanyweshaji wale hawakuwa wauguzi. Walikuwa akina mama, kaka na shangazi.

Hivyo basi, mgonjwa anayekunywa ORS na bado anahara hajashindwa na dawa. Ndoo inavuja, nasi tunaijaza kwa kasi ipitayo kasi ya kuvuja, hadi ukuta wa utumbo ujirekebishe wenyewe. Kipimo cha dawa si choo. Kipimo ni mkojo, macho, kiu na uchangamfu wa mtoto. Aliyeambiwa hivi hatupi pakiti ya pili. Asiyeambiwa, kuitupa kwake ni busara, kwani nani huendelea na dawa asiyoiona ikifanya kazi?

Sababu hiyo hiyo husahihisha makosa mengine. Mama anayeongeza sukari "ili mtoto apate nguvu", au anayempa soda badala ya ORS, huharibu uwiano: sukari iliyozidi huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara huzidi. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, hufaa kwa muda wakati msaada unatafutwa. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe. Mtoto akitapika, angoje dakika kumi, kisha aendelee kijiko kimoja kimoja.

Nalo duka la dawa linalomwuzia kila anayehara flajili na vidonge vichache vya amoksilini lingejua kwamba linafundisha vimelea ukaidi. Bakteria wengi wenye usugu dhidi ya amoksilini hutengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo, nacho pia huvuka utando wa kwanza na kuwekwa katika ule uwazi, kikiingoja dawa mlangoni. Ufundi unaoijenga sumu ndio uujengao usugu. Tunapozungumza juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA, hatuzungumzi juu ya jambo la Ulaya. Linazungumzwa juu ya kaunta ya duka, kwa shilingi chache.

Mwenzangu mmoja, daktari mzuri kuliko mimi, huniambia kwamba mgonjwa hahitaji somo la protini. Anahitaji maagizo mafupi yanayoeleweka. Namwelewa. Foleni ni ndefu na mhudumu ni mmoja. Lakini hoja yake inadhani kwamba amri ni fupi na sababu ni ndefu, nami sioni hivyo. "Hii haizibi tundu, inarudisha maji yanayopotea, mradi anahara, mpe" ni sentensi ambayo haimalizi nusu dakika. Na anayedhani kwamba wenyeji wa nchi hii hawawezi kuelewa mwendo wa maji na apande milima ya Mbinga atazame ngolo za Wamatengo. Kwa vizazi vingi wamelaza nyasi kwa mistari inayokatana juu ya miteremko mikali, wakazifukia kwa udongo na kuacha mashimo katikati, ili mvua itue badala ya kuteremka na shamba. Watu hao wanajua kwamba maji hayazuiwi kwa kukemewa; hupewa pa kuingilia. Ukimweleza mkulima wa ngolo kwamba utumbo una mlango wa kutolea na mlango wa kuingizia, atakuelewa kabla hujamaliza.

Maarifa ya mkunjo wa sumu yametufikia pia kwa njia ya chanjo. Mwaka 2009, Unguja na Pemba, watu zaidi ya 23,000 walipata dozi mbili za chanjo ya kumeza iliyokuwa na bakteria waliouawa pamoja na ile pete ya nyuzi tano, bila kipande cha sita chenye madhara. Pete hiyo haiumizi. Huufundisha mwili kuitambua. Waliochanjwa walikingwa kwa takriban asilimia 79, na hata majirani wasiochanjwa walinufaika. Hata hivyo mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea hadi 2018, ukiwa umepata wagonjwa zaidi ya 33,000 na kuua zaidi ya 500 nchini. Chanjo bila vyoo na maji salama hutununulia muda tu.

Pale Kitai sikuwa na maabara wala dripu. Nilikadiria mtoto ana kilo 12. Aliyeishiwa maji kwa kiasi na anayeweza kunywa hupewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne, nayo kwake ni karibu lita moja, yaani pakiti moja. Nilinunua dukani chupa ya maji ya lita moja, tukanawa mikono kwa sabuni, tukamimina pakiti, na mwenye duka akatuazima kijiko. Nilimweleza mama ile habari ya milango miwili. Sikumtajia vifungo vya salfa.

"Kwa hiyo akihara tena, nimpe tena?"

"Ndiyo, mama. Kila akihara, mpe. Tazama mkojo, usitazame choo."

Alinywa kijiko kwa kijiko, akatapika mara moja, tukangoja, akaendelea. Gari la Mbinga lilichelewa zaidi ya saa mbili, jambo ambalo siku nyingine ningelilalamikia. Kabla halijafika, mtoto alikojoa juu ya kanga ya mama yake, na mama akacheka. Niliwapeleka hadi hospitalini, kwa sababu mtoto wa namna hiyo sharti aangaliwe, apate zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na mamlaka za afya zijulishwe ili nyumba alikotoka ifuatiliwe.

Garini mama aliniuliza swali moja zaidi. Pakiti ya jana aliikoroga kwa maji ya ziwa, kwa kuwa kuni zilikuwa zimelowa mvua. Je, alikosea? Nilimwambia kwamba yachemshwe, au yatiwe dawa ya klorini na kuachwa nusu saa. Akanijibu kwamba kijijini kwake hakuna anayeuza klorini. Nilipomaliza safari yangu nilimpigia simu mganga mkuu wa wilaya kumweleza hilo, na tangu siku ile, kila niendapo ukaguzi kando ya ziwa, kitu cha kwanza ninachouliza katika zahanati si idadi ya antibiotiki; ni mahali zilipowekwa pakiti za ORS, vidonge vya klorini viko vingapi, na mhudumu humwambia nini mama anapompa.